Nimemshika ndege wa porini mwenye kupe na nahofia ugonjwa wa Lyme, nifanyeje?

Kumshika tu hakuambukizi ugonjwa wa Lyme unaouhofia: bakteria wanaouleta, Borrelia, huingia mwilini kupe anapouma na kunyonya damu. Ila ndege wanaodonoa chakula ardhini hubeba sana kupe wachanga, wadogo kuliko punje ya ufuta, na mmoja huenda amekuhamia.

Jikague leo: nyuma ya magoti, kinena, kwapani, kichwani. Ukimkuta, mbane kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, kisha mvute taratibu kwenda juu bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Akisumbuliwa anaweza kutema mate yenye vimelea ndani ya jeraha. Kipande cha mdomo kikibaki, usikichokonoe. Osha kwa sabuni au spiriti, andika tarehe.

Wekundu mdogo wa siku 1 au 2 ni kawaida. Doa linalotanuka kati ya siku 3 na 30, hata lisipowasha, au homa, muone daktari na umtajie kupe.

Siku nyingine vaa glavu: kinyesi cha ndege kinaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha, nayo haisubiri kupe.