Vitabu vya kuujua mji wa Liverpool

Ndugu, nimekuelewa: unaenda kusoma Liverpool, unataka kuujua mji kabla hujafika, na mfuko umetoboka. Mimi ningeanza na Black Liverpool cha Ray Costello. Kinafuatilia jamii ya Weusi wa pale tangu 1730 hadi 1918, na humo utaona bandari ilivyotajirika kwa biashara ya watumwa, jambo ambalo vipeperushi vya watalii hulipitia juujuu.

Liverpool 800, alichohariri John Belchem, ni kinene mno. Chagua kurasa za bandari na wahamiaji tu.

A History of Liverpool cha Ramsay Muir, cha 1907, kimezeeka hadi hakimiliki yake imekwisha, hivyo kinasomeka bure mtandaoni, ila kiliandikwa enzi za himaya ya Waingereza, kisome kwa tahadhari.

Kama ni kwa tasnifu, muulize mkutubi wa chuo kabla hujalipia chochote.