Shemeji Anataka Tuwaite Uhamiaji Kabla ya Kuwalipa Vibarua

SWALI

Ndugu mhariri, salamu nyingi kutoka wilayani Urambo, mkoani Tabora, ambako mimi na mume wangu tunalima tumbaku. Mwezi wa kumi mwaka jana tulipokea vijana watatu kutoka Burundi, wasio na karatasi yoyote, tukakubaliana kwa mdomo kwamba kila mmoja atalipwa shilingi 600,000 baada ya mauzo, na chakula kiwe juu yetu. Wamehamisha miche, wamepalilia, wamechuma, na usiku wamekesha kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, wakichochea moto. Mkubwa wao huchora mstari wa mkaa kwenye mlango wa bani kila jioni, mstari mmoja kwa siku moja ya kazi. Sasa marobota yako tayari. Shemeji yangu anasema tuwapigie simu Uhamiaji ili vijana wachukuliwe kabla fedha hazijaingia. Mume wangu amenyamaza, na ukimya wake naujua. Vijana hawa huniita mama. Nifanye nini?

Mama wa Urambo

JIBU

Dada yangu, umefanya vyema kuandika kabla simu haijapigwa. Anachopendekeza shemeji yako ni wizi. Shilingi 1,800,000 zilizokwisha kutolewa jasho kwa msimu mzima si mali yenu tena, na kuitumia Serikali kumfukuza mdai hakuwezi kuzirudisha mikononi mwenu. Inauma zaidi kwa sababu hila hii hupangwa mapema: katika mikoa yetu ya Tabora na Kigoma wapo wanaomchukua kibarua asiye na karatasi wakijua tangu siku ya kupanda kwamba hawatamlipa, kwa kuwa hana pa kulalamikia.

Na kweli njia yake ni nyembamba. Mtanzania aliyedhulumiwa ujira anaweza kumwona afisa kazi, au kupeleka dai lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Mgeni asiye na kibali akibisha hodi pale huwa amekwenda kujitia hatiani mwenyewe, maana makubaliano yake ya kazi yalikwenda kinyume na sheria tangu siku ya kwanza, na dai lake husimama kwa miguu dhaifu. Kwa hiyo vijana hawa hawana wa kumtegemea isipokuwa wewe na mumeo.

Shemeji yako amesahau pia kwamba Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 haimkatazi mgeni peke yake kufanya kazi bila kibali. Inamkataza na mwajiri kumwajiri, na kosa la mwajiri lina adhabu yake. Maofisa wakifika watauliza vijana wamelala kwa nani tangu Oktoba na nani aliyewapa majembe. Kuwapigia simu ni kujitaja wenyewe.

Wako wanaodhani kwamba Mrundi hahitaji kibali kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Sivyo. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010, Tanzania ilifungua milango ya ajira kwa fani za kitaalamu zilizotajwa, na kibarua wa shambani hayumo. Anatakiwa kuwa na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, na mwajiri lazima aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania wa kuifanya kazi hiyo akamkosa, jambo ambalo kwa palizi na uchumaji ni gumu mno.

Sasa zungumza na mumeo, shemeji asiwepo. Nenda naye hadi mlangoni mwa bani, mhesabu ile mistari ya mkaa pamoja, kisha muinakili kwenye daftari pamoja na kiasi mlichoahidiana, kwani mkaa hufutika kwa kupitishwa kiganja tu. Fedha za mauzo zikiingia kupitia chama chenu cha msingi, walipeni siku hiyo hiyo mbele ya shahidi mnayemwamini, kila mmoja mkononi mwake, aweke saini au dole gumba. Baada ya hapo waelezeni kwa upole kwamba hamwezi kuendelea nao bila vibali. Sikushauri uwafiche, wala uwadanganye maofisa. Wakitangulia kufika kabla ya malipo, waambie wazi kwamba mnadaiwa, taja kiasi, na uombe vijana walipwe kabla hawajarudishwa kwao.

Msimu ujao ulizeni kitambulisho kabla ya kumkabidhi mtu jembe, lakini msimhukumu yeyote kwa lafudhi yake. Hapo jirani Ulyankulu wanaishi watu ambao wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na wao ni miongoni mwa zaidi ya 162,000 waliopewa uraia wa Tanzania. Kijana wa huko anaweza kuongea Kirundi kutwa nzima na bado akawa Mtanzania kama wewe. Mwombe kitambulisho chake cha NIDA, andika namba yake kwenye daftari lile lile, na safari hii idadi ya siku za kazi muiandike nyote wawili kila jioni.