Paka wangu ana sukari, na sindano siyo shida, shida ni ugali

Kaniki ni dume, mweusi tii kama jina lake, amehasiwa, ana miaka 9, na mpaka mwaka jana alikuwa na kilo 7 na ushee, hapa mtaani Magomeni watoto walikuwa wanamuita bosi. Naanza na hizo sifa makusudi, maana baadaye daktari aliniambia zote nilizokuwa najisifia nazo, dume, kahasiwa, mnene, umri umesogea, ndo picha yenyewe ya paka anayepata kisukari. Ongezea na ile sindano ya steroidi aliyochomwa miezi michache nyuma kwa ajili ya muwasho wa ngozi, basi.

Dalili zilikuwepo zote na mi nikazipita. Alianza kunywa maji kama ng'ombe, bakuli lake halimtoshi mpaka anaenda kuinamia ndoo bafuni, nikasema joto la Dar hili. Mchanga wa choo chake ukawa unashikana mabonge mazito kila asubuhi. Anakula, anamaliza, anadai tena, na bado uti wa mgongo unahesabika. Aliyegundua ni mama, tena hakugundulia kwa paka, aligundulia kwa sisimizi. Siku moja Kaniki alikojoa pembeni ya choo, mkojo ukakauka pale sakafuni, tukaamka kuna mstari wa sisimizi kutoka dirishani, na mama yangu ambaye yeye mwenyewe ana sukari huu mwaka wa 12 akasimama mlangoni akaangalia weee, akasema, "Mwanangu, huyu paka anaumwa ugonjwa wangu." Nikacheka. Wiki iliyofuata Kaniki akawa anatembea kwa visigino, yaani miguu ya nyuma imelala chini kama sungura, akirukia kochi anadondoka. Hapo sikucheka.

Kliniki walimpima sukari ya damu akakutwa na 24 (kwa kipimo cha mmol/L), wakati paka mzima anacheza kwenye 4 mpaka 8 hivi. Ila daktari hakukimbilia kusema ni kisukari, na hili lijueni, paka akiogopa sukari yake inapanda yenyewe, unaweza ukamtoa nyumbani mzima ukafika kliniki akasoma namba za mgonjwa. Kwa hiyo akapima na mkojo, kuna sukari, hakuna ketoni (tindikali inayojaa mwilini insulini ikikosekana na mwili ukaanza kuchoma mafuta), halafu akatuma damu kwa kipimo kinaitwa fruktosamini ambacho kinaonyesha wastani wa sukari wa kama wiki 2 au 3 zilizopita, hicho hofu ya siku moja haikidanganyi. Majibu yakarudi vilevile. Kaniki ana sukari, na kuanzia siku ile pale kaunta naitwa mama Kaniki.

Sasa nije kwenye sindano kwa sababu najua ndo inayowatisha, hata mi nililala siku ya kwanza nikiiwaza. Jamani, sindano ni kitu kidogo sana. Kisindano chenyewe ni chembamba hujawahi kuona, unamuwekea chakula, akiinamisha kichwa kula unavuta ngozi ya ubavuni juu kidogo inasimama kama hema, unaingiza, unasukuma, umemaliza, mwenzio hajainua hata kichwa. Ukisikia manyoya yamelowa na kuna harufu kama ya dawa ya hospitali ujue umetokea upande wa pili umemwaga nje, na hapo USIRUDIE, maana hujui ngapi imeingia na ngapi imemwagika, acha mpaka zamu inayofuata. Sukari kuwa juu masaa 12 haimuui, insulini mara mbili inaweza kumuua. Hiyo iwekeni kichwani, ndo sheria yangu ya kila kitu.

Na uzuri kwa sisi watu wa saa za Kiswahili ratiba haitusumbui. Kila baada ya masaa 12 maana yake saa 12 na nusu asubuhi na saa 12 na nusu jioni, jua likishachomoza na Magharibi ikiingia. Hata Ramadhani haikuvuruga kitu, Kaniki na yeye anafuturu.

Daktari alimuanzishia insulini inaitwa glajini, ile ya binadamu inayouzwa Lantus, yuniti 1 asubuhi na 1 jioni. Nilinunua chupa kubwa ya ml 10 kwa ujinga wangu, ina yuniti 1,000, paka anatumia 60 kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe utaimwaga ngapi. Nunua kalamu ya ml 3, ina yuniti 300, halafu unavuta kwa sirinji ndogo yenye mistari ya nusu yuniti, kwa sababu kalamu yenyewe haitoi nusu na paka mara nyingi anapandishwa na kushushwa kwa nusu. Kwenye sirinji pia kuna mtego. Insulini za wanyama nyingi zina yuniti 40 kwa ml, za binadamu zina 100, na kila moja ina sirinji yake. Ukivuta ya 100 kwa sirinji ya 40 umempa mara mbili na nusu ya dozi, na kwa macho huoni tofauti yoyote. Soma maandishi, usiamini rangi ya kifuniko.

Famasi moja walikuwa wameishiwa, kijana akanipa Mixtard akasema "dada hii nayo ni insulini tu". Siyo "tu". Inapanda haraka na kushuka tofauti, kubadilishiwa hivyo kimyakimya ni hatari. Nilimrudishia, nikampigia daktari. Mama naye alishaniambia niache kuhangaika, nimchotee Kaniki kwenye dawa yake. Mama wewe unachoma yuniti 20, huyu anachoma moja!

Kuhusu umeme, ukikatika kwetu hukatika kweli. Insulini isigande na isichemke, hayo ndo mambo mawili. Natumia mtungi wa udongo, ndani na nje nimeulowesha, kalamu iko kwenye kopo kavu ndani yake, kitambaa kibichi juu, kivulini. Haufiki baridi ya friji lakini unatofautiana sana na joto la chumba. Barafu usiigusishe na dawa.

Haya tuje kwenye ugali. Kaniki amekula ugali na dagaa tangu ana miezi miwili, kama paka wote wa uswahilini, halafu nilivyopata pata hela nikawa namuongezea chakula kikavu cha kupima kwa kilo nikidhani namlea kisasa. Paka ni mla nyama wa asili, mwili wake haukutengenezwa kuhangaika na wanga mwingi, ukimpa ugali ni kama kumwaga sukari kwenye moto unaotaka kuuzima. Na kile kikavu sikukitegemea kabisa. Wanga hawauandiki kwenye mfuko, unautafuta mwenyewe: chukua 100, toa protini, mafuta, maji, majivu (yaani madini) na nyuzinyuzi. Mfuko wangu ulikuwa na 30, 10, 10, 8 na 4, kinabaki 38. Nilirudia kwa kalkuleta ya simu nikijua nimekosea. Cha kopo nilichokuja kununua kilikuwa 10, 5, 80, 2 na 0.5, kinabaki 2.5, na hata ukitoa maji yote ulinganishe vikavu kwa vikavu, wanga ni kama 12 kwa 100, kile cha mfuko ni 42. Chagua kile kilichosagwa laini, siyo vipande vyenye mchuzi mzito, mchuzi ule mara nyingi ni wanga.

Makopo ni ghali, sitawadanganya, kwa hiyo nusu ya chakula chake napika mwenyewe: kuku, filigisi, moyo, kibua kisicho na miba, nachemsha bila kitunguu wala kitunguu saumu maana hivyo ni sumu kwa paka. Ila nyama tupu kila siku nayo siyo mlo, inakosa kalisi, na paka lazima apate kirutubisho kinaitwa taurini kwenye chakula, akiikosa moyo na macho yanaharibika. Daktari alinipa unga wa kuchanganya. Msiruke hilo.

Sasa kosa langu. Wiki ya tatu daktari alikuwa kashapandisha dozi mpaka yuniti 2, mimi kwa hamu ya kumponya haraka nikafuta ugali na kile kikavu kwa mkupuo, siku moja, bila kumwambia. Wanga umeondoka, dawa iko palepale. Siku ya pili kama saa 4 usiku hivi namuita haji. Namkuta chini ya meza, macho yamekodoka hayanitazami, akasimama akayumba kama mlevi, mguu wa mbele unatetemeka. Nikamtoboa sikio nikapima na mashine ya mama, 2.3. Mashine za binadamu kwa paka huwa zinasoma chini kidogo ya ukweli, lakini hata ukiongeza hapo hapakuwa na salama. Mama ndo alipata akili, akaenda jikoni akarudi na asali, nikampaka kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo, usimimine mdomoni atapaliwa. Dakika kama 10 akaanza kujilamba. Nikampa chakula, nikapiga simu, nikakesha nikipima. Asubuhi daktari hakunigombeza, aliniuliza tu, "Ulipobadilisha chakula, ulibadilisha na dozi?" Ningependa angenigombeza.

Kwa hiyo chakula kinabadilishwa taratibu, kwa siku kadhaa, huku unapima na daktari anajua. Asali ikae sehemu moja kila mtu anaijua. Na kabla ya kila sindano, je, amekula? Hajala, anatapika, amezubaa, usichome kwa mazoea, piga simu kwanza. Na akiwa hali, anatapika na mdomo unanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo ni ketoni, hospitali siku hiyohiyo.

Kupima nyumbani utazoea. Sikio likiwa la baridi damu haitoki, nina soksi yenye mchele naipasha moto namuwekea dakika moja, napapasa pembeni ya sikio natoboa. Jumamosi moja nilimpima kila baada ya masaa 2 tangu sindano ya asubuhi mpaka ya jioni, nikampelekea daktari namba zote, akaona inashuka chini kabisa wapi. Zile namba za sebuleni, paka akiwa kajilaza, zina ukweli kuliko za kliniki. Kwenye mlango wa friji kuna kalenda na peni imefungwa kwa uzi, aliyechoma anaweka tiki, maana ndani ya nyumba wema ukizidi anachomwa mara mbili.

Watu wananiuliza hakuna kidonge? Zipo dawa za mdomo, Marekani waliidhinisha ya kwanza ya aina hiyo kwa paka Desemba 2022 na nyingine ya maji 2023, lakini ni kwa paka ambao hawajawahi kutumia insulini na zina hatari yake ya ketoni, kwa hiyo Kaniki hayumo. Mlonge na mdalasini mnaonitumia meseji, asanteni, hapana.

Huu ni mwezi wa sita tangu tuanze sindano, ana kilo 5 na nusu, anaruka kochi, visigino vimenyanyuka, yuko nusu yuniti. Wako paka wanaofika wakaacha dawa kabisa hasa wakiwahiwa, daktari anasema tusubiri, nasubiri. Mwezi uliopita nilienda Tanga harusini siku 5, nikamuachia mama. Alinipigia mara moja tu, saa 12 na nusu jioni, kuniambia wamemaliza kuchomana wote wawili, na kwamba mtoto wa jirani amekamatwa anampa Kaniki andazi dirishani.