Injili ziliandikwa Kiyunani: je, maneno ya Yesu tunayo?

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mwenzangu kazini ananiambia kwamba Yesu alisema Kiaramu, na wanafunzi wake walikuwa wavuvi wasiojua lugha nyingine, lakini Injili zimeandikwa Kiyunani. Kwa hiyo, anasema, ziliandikwa na wageni wasiomjua, na maneno yake yamepotea. Nilikosa la kumjibu. Yesu na mitume walizungumza lugha gani hasa? Na je, nijifunze Kiaramu ili niwe na uhakika?

Jibu: Amina, dada yangu. Mwanzo wa hoja ya mwenzako ni kweli, ukubali bila hofu. Kiaramu ndicho Bwana wetu alichokulia Nazareti. Wayahudi walikizoea tangu uhamisho wa Babeli, kisha kikawa lugha ya ofisi za dola ya Uajemi, ndiyo maana hata sehemu za Ezra na Danieli zimeandikwa kwa Kiaramu. Marko ametuhifadhia sauti yenyewe: "Talitha, kumi" kwa binti Yairo, "Efatha" kwa kiziwi, "Aba" kule Gethsemane, na kilio cha msalabani, "Eloi, Eloi, lama sabakthani". Kila mara Marko anaweka tafsiri pembeni, kwa sababu wasomaji wake hawakujua Kiaramu. Usichanganyikiwe ukisoma katika Yohana kwamba Golgotha ni "Kiebrania". Waandishi wa wakati ule waliita hivyo usemi wa Waebrania, na mara nyingi kilichokusudiwa ni Kiaramu. Kiebrania chenyewe kilikuwepo, hasa katika Maandiko. Yesu aliposimama kusoma kitabu cha Isaya katika sinagogi la kwao, alisoma Maandiko ya Kiebrania.

Mwenzako anakosea pale anapodhani kwamba mtu mmoja ni lugha moja. Sisi tunaosema lugha ya mama nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza mbele ya karani tunapaswa kuwa wa kwanza kuliona kosa hilo. Aleksanda Mkuu aliitwaa nchi ile mwaka 332 KK, na tangu hapo Kiyunani kilikuwa lugha ya biashara na utawala. Kutoka Nazareti hadi mji wa Sepphoris, ambao Herode Antipa, mtawala wa Galilaya, aliujenga upya Yesu akiwa mtoto, ni kilomita 6 hivi. Ng'ambo ya ziwa ilikuwa Dekapoli, miji iliyofuata desturi za Kiyunani. Hata miongoni mwa wale Kumi na Wawili, Filipo na Andrea wana majina ya Kiyunani. Katika Yohana 12, Wayunani waliotaka kumwona Yesu walimwendea Filipo, naye akamwambia Andrea. Nadhani hawakumchagua kwa bahati tu. Na Yesu alipohojiwa na Pilato, Injili hazimtaji mkalimani yeyote. Wapo wasomi wanaoona kwamba walizungumza Kiyunani, nami naona wana hoja.

Mwenzako atakuletea Matendo 4:13, kwamba Petro na Yohana walikuwa "wasio na elimu". Baraza la wazee na waandishi lilimaanisha kwamba hawakupita katika shule za torati. Mvuvi anayeuza samaki kando ya ziwa lenye watu wa kila namna hujifunza lugha bila kukaa darasani. Petro alikuwa na lafudhi ya Galilaya iliyomfichua usiku ule uani kwa kuhani mkuu, "hata usemi wako wakutambulisha", lakini lafudhi haimzuii mtu kujua lugha ya pili.

Sasa soma Matendo sura ya 6 polepole, kwa maana jibu lako kubwa limo humo. Kanisa bado liko Yerusalemu na halijatoka nje ya mji. Tayari lina makundi mawili: Waebrania na Wayahudi wa Kiyunani, waliokulia nje au katika nyumba zilizosema Kiyunani. Wanagombania huduma ya wajane. Mitume wanaagiza wachaguliwe watu saba, na majina yao ni Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni ya Kiyunani! Wajane wale walifundishwa habari za Yesu kwa lugha gani, kama si Kiyunani? Basi maneno ya Bwana yalianza kusemwa kwa Kiyunani palepale Yerusalemu, katika ushirika uleule, mbele ya watu waliomsikia kwa masikio yao na walioweza kumsahihisha aliyekosea. Mwenzako anawawazia wageni wa mbali. Luka, mwandishi wa Matendo, anatuonyesha majirani waliokula pamoja.

Mtazame na Yohana Marko. Mama yake alikuwa na nyumba Yerusalemu ambamo kanisa liliomba, na binamu yake Barnaba alikuwa Mlawi mzaliwa wa Kipro. Papia, askofu wa Hierapolis mwanzoni mwa karne ya 2, anasema kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro. Familia kama hiyo ndiyo hasa ungeitarajia kubeba ushuhuda kutoka Kiaramu kwenda Kiyunani.

Paulo ni mfano ulio wazi kuliko wote. Katika Matendo 21 anamsemesha jemadari wa Kirumi, naye anashangaa: "Je! Unajua Kiyunani?" Dakika chache baadaye Paulo anaugeukia umati kwa lugha ya Kiebrania, nao wanazidi kunyamaza. Waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike, wa mwaka 50 hivi, uliandikwa Kiyunani miaka 20 tu baada ya ufufuo. Lakini hata yeye alikuwa na mipaka. Kule Listra watu walipaza sauti kwa Kilikaonia, lugha ya wenyeji, kwamba miungu imeshuka, naye na Barnaba wakashtuka baadaye kabisa, ng'ombe wa sadaka walipokwisha kuletwa.

Baada ya mitume hali iliendelea vilevile. Kanisa la Roma lenyewe liliandika Kiyunani kabla ya Kilatini. Mtawa Antonio wa jangwani Misri alisema Kikopti na kuwajibu Wayunani kupitia mkalimani. Efraimu alitunga tenzi zake kwa Kisiria, lugha ya ukoo wa Kiaramu. Na mwanamke msafiri aitwaye Egeria, aliyefika Yerusalemu katika miaka ya 380, anaeleza kwamba askofu alifundisha kwa Kiyunani tu ingawa alijua Kisiria, na mzee wa kanisa alisimama kando akitafsiri ili wote waelewe.

Kuhusu kujifunza lugha, ningekushauri uanze na Kiyunani, kwa kuwa ndicho kilichoandikiwa Agano Jipya lote. Vyuo vyetu vingi vya theolojia hukifundisha. Ukikosa nafasi, soma Marko katika tafsiri mbili za Kiswahili sambamba, sura moja kwa siku. Utaimaliza kwa siku 16. Na mwenzako mkaribishe msome pamoja, kuanzia Matendo 6.