Kaka yupo Marekani, mbona anasema ni maskini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Kigoma. Wazazi wetu walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo mwaka 1996, tukakulia kambi ya Nyarugusu. Mimi niliolewa huku nje ya kambi, nikabaki na baba. Kaka yangu alipelekwa Marekani na mke wake na watoto watatu, wako Louisville, Kentucky. Anafanya kazi kwenye ghala na analipwa dola 17 kwa saa. Nimepiga hesabu: saa nane ni dola 136, zaidi ya shilingi laki tatu kwa siku. Mimi hiyo laki tatu naipata kwa mwezi. Picha zake tunaziona, ana gari, friji kubwa, watoto wamevaa vizuri. Sasa baba ana mtoto wa jicho na anatakiwa apasuliwe. Tukamwomba kaka msaada, akatuma dola 50 na kusema, "Nisameheni, huku na mimi ni maskini." Ndugu wamekasirika, wengine wanadai mkewe amemkalia. Shangazi, wewe unaishi huko huko. Mtu anayeshika laki tatu kwa siku anakuwaje maskini?
Dada mtu, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Umeniandikia mimi niliye mji mmoja na kaka yako. Kazi yangu ni ukalimani, hospitalini na mahakamani, na watu ninaowasemea ni watu kama yeye. Kwa hiyo sitakujibu kwa kukisia.

Hesabu yako ya dola 136 ni sahihi, ila hiyo ni pesa ambayo kaka yako haioni. Kuna kodi ya serikali kuu, kodi ya jimbo, kodi ya jiji, mchango wa pensheni na bima ya afya, na vyote hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Nina familia moja ya Uvira, Kongo, yenye watu watano, niliyoisaidia kuandika bajeti yao, nao wameniruhusu nikueleze. Baba analipwa hizo hizo dola 17, na kwa mwezi mkononi inafika kama 2,350. Kodi ya nyumba ya vyumba viwili ni 1,150. Mkopo wa gari 320, bima ya gari 180, mafuta 140. Umeme na maji 150. Simu na intaneti 150. Inabaki 260, na hapo watu watano hawajala, mtoto hajavaa nepi, na hakuna aliyeumwa.

Kila mwaka serikali ya Marekani yenyewe hutangaza kiwango ambacho familia yenye kipato cha chini yake inahesabiwa kuwa maskini. Mwaka 2025, kwa watu watano, kiwango hicho kilikuwa dola 37,650. Kaka yako akifanya kazi saa 40 kila wiki bila kukosa hata siku moja, mwaka mzima unampa 35,360 kabla ya makato. Ina maana, kama familia inategemea mshahara huo peke yake, hata kwa hesabu ya serikali ni maskini, tena maskini mwenye kazi ya kudumu. Na kiwango chenyewe ni cha chini mno. Kilibuniwa miaka ya 1960 na mama mmoja mtakwimu wa serikali, Mollie Orshansky, ambaye alichukua gharama ya chakula cha bei nafuu kabisa akaizidisha mara tatu, kwa kuwa wakati ule familia ilitumia kama theluthi moja ya kipato kwa chakula. Leo kinachommaliza mtu ni kodi ya nyumba, lakini hesabu ni ile ile, wanapandisha tu kwa mfumuko wa bei.

Lakini najua hilo halijakutosha. Utasema, hata hiyo 260 ni zaidi ya mshahara wangu. Basi nikueleze jambo ambalo mimi mwenyewe naliona kuwa ndio kiini cha umaskini wa huku.

Hapo Kigoma, siku pesa ikikata, unanunua kwa kipimo. Mafuta ya kula ya mia tano, sukari robo, mkaa kopo moja, fungu la dagaa. Umeme ukiisha unaweka LUKU ya elfu moja, au unalala na giza mpaka kesho na hakuna anayekudai. Chumba unapanga kimoja, choo mnachangia na wapangaji wenzenu. Ukikwama zaidi unakaanga maandazi ukauze barazani, mtoto unamwachia jirani, unga unakopa kwa Mangi wa duka. Hayo yote ni shida, na siyasifu. Nimekulia Tanga, nimemwona mama yangu akigawa samaki mmoja kwa watu saba. Ila ni ngazi ambazo maskini anashukia polepole, hatua kwa hatua.

Huku ngazi hizo zimeondolewa, nyingi kwa sheria kabisa. Nyumba haipangishwi kwa wiki mbili za mshahara ulizo nazo; unatakiwa mwezi mzima, na amana juu, na ripoti ya historia yako ya madeni. Watu kumi hawaruhusiwi kujibana kwenye chumba kimoja ili wachangiane, mwenye nyumba anaandika kwenye mkataba idadi ya wakazi. Kuuza maandazi nje ya nyumba kunahitaji kibali. Mtoto mdogo ukimwacha peke yake ukaenda kazini, jirani anaweza kupiga simu serikalini. Na gari unaloliona kwenye picha ni kitendea kazi. Maghala mengi yapo nje ya mji, zamu nyingi zinaanza au kuisha usiku wa manane, na saa hizo mabasi ni haba. Asiye na gari hana kazi, na mwenye gari lazima awe na bima kwa sheria. Kiasi kidogo kabisa cha maisha kinachouzwa huku ni kikubwa mno. Usipokimudu, unatoka nje kabisa. Januari 2024, siku ya kuhesabu watu wasio na makazi, nchi hii tajiri kuliko zote ilikuta watu 771,480.

Nilichokishuhudia mahakamani ni hiki. Gari la mtu linaharibika Jumanne. Anakosa zamu mbili, na huko maghalani wengi wanahesabu utoro kwa pointi. Pointi zikijaa umefukuzwa. Ili atengeneze gari anaingia kwenye duka la mikopo ya haraka. Hapa Kentucky sheria inawaruhusu kutoza dola 15 kwa kila mia, kwa mkopo wa wiki mbili. Wiki mbili zikifika hana, anakopa tena kulipa ule wa kwanza. Kodi ya nyumba inachelewa, inaongezwa faini. Mwenye nyumba anafungua kesi. Nimesimama pembeni ya baba mwenye watoto wanne, nikatafsiri sentensi tatu za hakimu, kesi ikawa imekwisha kabla sijameza mate. Na hata kama baadaye akilipa kila senti, ile kesi inabaki kwenye kumbukumbu, na mwenye nyumba mpya anaweza kuiona. Yote hayo ni kwa sababu ya gari lililoharibika Jumanne. Mtu huyu hakulewa, hakucheza kamari, hakuongeza mke.

Na wakimbizi wanaanza safari wakiwa tayari nyuma. Tiketi za ndege zilizowatoa kambini zilikuwa mkopo wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Watu watano ni tiketi tano, na miezi michache baada ya kufika bili inaanza kuingia. Kaka yako hakuwaambia hilo, nadhani, kwa sababu siku ya kuondoka mlimwimbia.

Sitaki nikufiche upande wa pili. Watoto wake wanasoma bure mpaka wamalize sekondari. Maji yanatoka bombani. Tangu sheria ya mwaka 1986, chumba cha dharura cha hospitali hakiwezi kumfukuza mgonjwa kwa kukosa pesa, ingawa bili itamfuata nyumbani. Mama aliye na mgonjwa kambini angelia kwa furaha kuvipata hivi. Ndiyo maana kaka yako anaona aibu kulalamika, na ndiyo maana anapiga picha karibu na friji.

Linaloniuma mimi ni kwamba nchi hii inajua dawa. Mwaka 2021, kuanzia Julai hadi Desemba, serikali ilituma pesa kila mwezi kwa karibu familia zote zenye watoto, hadi dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na 250 kwa mkubwa. Kwa kile kipimo kinachohesabu na misaada ya serikali, umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2, haujawahi kuwa chini hivyo. Bunge likakataa kuendelea. Mwaka uliofuata ukarudi asilimia 12.4. Miezi ile niliwaona akina mama wakinunua makoti ya baridi dukani badala ya kusubiri ya msaada, na nikaona bili za umeme zikilipwa kwa tarehe yake. Kwa hiyo mtu akiniambia maskini wa Marekani ni wavivu, namuuliza: uvivu wao ulikwenda wapi miezi sita ile?

Sasa kuhusu baba. Kama bajeti yake inafanana na ile ya familia ya Uvira, dola 50 kwenye 260 ni karibu moja ya tano ya kilichobaki nyumbani kwake. Kaka yako hakukutupia makombo, mwanangu, ametoa kwenye chakula. Na wifi yako muacheni. Katika familia nyingi ninazozijua, mke naye anafanya zamu ya usiku ili wasilipe wa kulea watoto, wanapishana mlangoni na mumewe, na mara nyingi ndiye anayekumbusha kutuma nyumbani.

Msimwombe tena kwenye lile kundi la WhatsApp la ukoo, mbele ya wajomba na mashemeji. Mpigie wewe, Jumapili, umwambie umeelewa. Kisha mwulize anaweza kutuma kiasi gani kila mwezi bila kukopa, hata kama ni dola 30, na mpange tarehe. Wewe na ndugu walioko hapo mchangie nusu ya pili. Uliza pia hospitali ya mkoa kuhusu kliniki za macho zinazofanywa kwa kampeni, upasuaji wa mtoto wa jicho mara nyingi hufanywa humo kwa gharama ndogo au bure. Na umwombe kitu kimoja: asichukue mkopo wa haraka kwa ajili ya baba. Wapo wanaofanya hivyo kimya kimya, nami nawakuta mahakamani.

SWALI: Shangazi, niko Dayton, Ohio, nalea watoto wawili waliozaliwa hapa. Nimepata kadi ya chakula ya serikali. Kanisani kwetu wanasema anayeitumia ni mvivu, nami huwa naenda duka la mbali nisionekane. Je, niirudishe?
Mama wa wawili, Dayton

JIBU: Usiirudishe. Mpango huo uliwekwa kwa sheria mwaka 1964, na takriban theluthi mbili ya wanaonufaika nao ni watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Wanao wawili wamo humo. Mafuta unayochoma kwenda duka la mbali ni maziwa yao.

Ijue mipaka yake: kadi hainunui sabuni, nepi, wala kuku wa moto aliyekwisha kupikwa. Mwaka 2025 sheria ilibadilishwa na kuwaondoa wakimbizi wengi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu. Haki ya watoto wako raia haikuguswa, ila kama karatasi zako wewe bado ziko njiani, nenda ofisi ya kaunti ukaulize kiasi kipi ni chao. Ukiongezewa mshahara, toa taarifa kwa maandishi na ubaki na nakala, wasije wakakudai urudishe. Na kama kuna mtoto hajatimiza miaka mitano, omba pia WIC, mpango wa serikali wa lishe kwa akina mama na watoto wadogo; inatoa maziwa, mayai na nafaka, na hawaulizi hali ya uhamiaji.