Taa ya Num Lock inawaka, namba haziandiki

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani ina Windows 10. Kila asubuhi nikiiwasha, taa ya Num Lock inawaka kama kawaida, lakini nikiandika nenosiri kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia, namba hazitokei. Nikibonyeza Num Lock mara moja, taa inabaki vilevile ila namba zinaanza kuandika. Nikichagua Restart, tatizo halipo. Je, ninunue kibodi nyingine?

JIBU: Usinunue, kibodi yako ni nzima. Ile taa haijiwashi yenyewe; kibodi husubiri amri ya kompyuta. Hata kitufe cha 7 hutuma msimbo uleule wakati wote, na Windows ndiyo huamua kama ni 7 au Home (amri ya kurudi mwanzo wa mstari). Kwako, BIOS (programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows) iliwasha taa, kisha Windows ikashika kazi ikiwa na kumbukumbu yake kwamba Num Lock imezimwa, bila kuizima taa. Ulipobonyeza mara moja, kumbukumbu ikageuka, na amri ya kuwasha ikaikuta taa imeshawaka. Ndiyo maana hukuona badiliko.

Anayeshukiwa zaidi ni Fast Startup. Tangu Windows 8, ukichagua Shut down, kiini cha mfumo hakifungwi kabisa: huhifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys na kusomwa tena asubuhi, pamoja na hali za zamani. Restart haipiti njia hiyo. Hakikisha kwanza: leo jioni shikilia Shift huku ukibofya Shut down. Kesho namba zikiandika bila shida, umempata.

Kuiondoa, fungua Control Panel, Power Options, kisha "Choose what the power buttons do". Bofya "Change settings that are currently unavailable", ondoa tiki kwenye "Turn on fast startup", hifadhi. Kwenye diski ya SSD hutahisi tofauti kubwa. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, kuwaka kutachelewa kidogo.

Tatizo likibaki, andika regedit (programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows) kwenye kisanduku cha kutafutia na uende HKEY_USERS\.DEFAULT\Control Panel\Keyboard. Hamisha nakala kwanza kwa File, Export. Thamani ya InitialKeyboardIndicators kwa kawaida ni 2147483648. Weka 2147483650, na isiposhika jaribu 2. Wengi hukosea hapa: hubadilisha HKEY_CURRENT_USER, ambayo hufanya kazi baada ya kuingia tu, wakati skrini ya kuingilia husoma .DEFAULT. Kisha ingia BIOS (mara nyingi kwa Del au F2) uweke Num Lock iwe On, ili pande zote mbili zikubaliane.

Mpaka utakapomaliza, usibahatishe nenosiri. Num Lock ikiwa imezimwa, 4 husogeza kishale kushoto, 7 hukirusha mwanzo, na nukta hufuta herufi iliyo mbele yake. Nenosiri lenye herufi na namba huvurugika kabisa, na majaribio mengi mabaya yanaweza kufunga akaunti. Bofya na ushikilie alama ya jicho uone kinachoandikwa.

Kwenye baadhi ya laptopu zisizo na vitufe hivyo vya namba, kasoro huwa kinyume: Num Lock ikiwaka, herufi u, i na o huandika 4, 5 na 6. Hapo izime kwa Fn pamoja na kitufe chenye maandishi NumLk.