Ukitaka kufaulu Law School, funga madesa uandike

Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria ya Tanzania (Law School), ambako wenye shahada ya sheria wanaandaliwa kuwa mawakili, yalizungumzwa kila kona. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliopata sapu, yaani kurudia baadhi ya mitihani, walikuwa 342, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ichunguze kulikoni. Yakasemwa mengi kuhusu vyuo vinavyotoa shahada, lugha, ufundishaji na usahihishaji. Mengi ya hayo yana uzito wake, lakini anayeingia darasani muhula ujao hawezi kuyarekebisha. Kilicho mikononi mwake ni namna anavyosoma. Mimi nimepita pale Barabara ya Sam Nujoma, na tangu niapishwe kuwa wakili nimekuwa nikiwasaidia wadogo zangu wanaojiandaa. Wengi wana akili nzuri kabisa, na wengi wanakwama mahali palepale.

Chuo kikuu swali lilikuwa "jadili" au "fafanua". Law School inakuletea mteja. Mteja ana stori yake, nusu ya stori haina maana kisheria, na unatakiwa utoe hati ambayo karani wa mahakama ataipokea na wakili wa upande wa pili hataifuta. Mtihani huo hausomewi kwa kupigia mstari madesa, yaani maelezo ya darasani yanayopitishwa mkono kwa mkono. Unasomewa kwa kuandika nyaraka, kwa mkono, saa ikiwa mezani, mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika.

Chukua mfano huu. Mama mmoja wa Kibaha amenunua kiwanja kwa mkataba wa maandishi, amelipa, ana risiti. Muuzaji amekiuza tena kwa mtu wa pili, ambaye ameshaanza kuchimba msingi. Andaa nyaraka zinazofaa.

Mwanafunzi wa madesa anaanza kueleza zuio la muda ni nini, yaani amri ya kusimamisha jambo wakati kesi ikiendelea. Anataja kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, anaorodhesha masharti yake matatu (kuna hoja ya msingi ya kuamuliwa, kuna madhara yasiyofidika kwa pesa, na nani ataumia zaidi), anajaza kurasa mbili, na muda unakwisha hati haijaonekana. Aliyezoea kuandika anaanza kwa kujiuliza. Thamani ya kiwanja ni shilingi ngapi? Hiyo ndiyo itakayoamua kama unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, na ukienda Baraza huandiki hati ya madai, ile inayofungua kesi mahakamani, unaandika maombi. Unamshtaki muuzaji peke yake? Hapana, mnunuzi wa pili naye lazima awemo, maana amri unayoomba itamgusa yeye. Msingi unachimbwa leo, kwa hiyo shauri la msingi peke yake halitoshi. Unahitaji maombi ya zuio chini ya Amri ya XXXVII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, yakiwa na hati ya kiapo, na hati ya dharura juu yake, inayoomba yasikilizwe haraka.

Na ile kesi ya Atilio? Inaingia kwenye hati ya kiapo bila kutajwa jina. Sharti la kwanza linakuwa aya inayosema mama alinunua tarehe fulani, akalipa kiasi fulani, na mkataba umeambatanishwa. La pili linakuwa aya inayosema msingi unachimbwa, na kiwanja kikishajengwa fidia haitamrudishia ardhi aliyoichagua. La tatu linaonyesha kwamba mjenzi akisubiri anapoteza kidogo kuliko atakachopoteza mama. Ukiandika hoja za kisheria ndani ya hati ya kiapo, unampa mwenzako silaha, kwa sababu tangu kesi ya Matovu ya Uganda, mwaka 1966, mahakama zetu zimeshikilia kwamba hati ya kiapo ni ya mambo ya hakika tu. Hoja, maoni na maombi havina nafasi mle. Ukiielewa kesi kwa namna hii, kwamba inageuka kuwa aya tatu za ukweli, huhitaji kuikariri.

Kwa hiyo anza na nyaraka chache za msingi mpaka mkono uzizoee: hati ya madai, hati ya utetezi, hati ya kiapo, notisi ya rufaa, wosia, mkataba wa mauziano. Kwa hati ya madai, jifunze Amri ya VII Kanuni ya 1 kama orodha ya ukaguzi: jina la mahakama, wadaawa (pande za kesi) na anwani zao, chanzo cha madai na lini kilitokea, mambo yanayoonyesha mahakama ina mamlaka, nafuu inayoombwa, thamani ya shauri. Andika hati nzima bila kuangalia popote. Kisha fungua sheria na ujisahihishe kwa kalamu nyekundu. Aya ya mamlaka na ya thamani ndizo ninazoona zikisahaulika zaidi, pamoja na uthibitisho chini ya saini. Kwenye hati ya kiapo kinachosahaulika ni jurati. Sehemu ya kuonyesha kiapo kilitolewa wapi na tarehe ngapi ni mstari mmoja tu, lakini mahakamani mstari huo ukikosekana maombi mazima yanaweza kuondolewa. Msahihishaji anaujua mstari huo.

Muda wa kisheria wa kufungua kesi au rufaa ndio eneo pekee ambalo ningekuambia ukariri neno kwa neno. Bandika karatasi ukutani karibu na kitanda. Madai ya mkataba ni miaka 6, madai ya madhara (tort) miaka 3, kurejesha ardhi miaka 12. Hati ya utetezi ni siku 21 tangu kupokea wito. Rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu: notisi ndani ya siku 10, hati ya rufaa ndani ya siku 45. Mahakama ya Rufani: notisi ndani ya siku 30, na rufaa ya madai ifunguliwe ndani ya siku 60 baada ya notisi, ukiwa umeomba kwa barua nakala za mwenendo ndani ya siku 30 tangu hukumu. Kila swali unalolipata, kabla ya kitu kingine chochote, andika pembeni tarehe ya tukio na tarehe ya leo. Watunga maswali hawaweki tarehe kwa kupamba. Ukikuta muda umepita, hati ya kwanza kuandika ni maombi ya kuongezewa muda, na hapo unahitaji vigezo vya kesi ya Lyamuya Construction: ueleze kila siku ya ucheleweshaji, ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi, uonyeshe bidii, au uonyeshe hoja nzito ya kisheria kama vile uharamu katika uamuzi unaopingwa.

Kikundi cha kusoma kina faida kama kina ugomvi. Vile vikundi vya watu kumi, mmoja anasoma madesa kwa sauti na wengine wanaitikia, vinachosha tu. Kaeni wanne. Wawili waandike hati ya madai kutokana na mtihani wa zamani, wawili waipokee na kazi yao iwe kuifuta. Watafute pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri lifutwe kabla ya kusikilizwa, na walipime kwa kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969: je, ni hoja halisi ya kisheria, au inahitaji ushahidi? Kama inahitaji ushahidi, si pingamizi la awali, na aliyeileta aeleze kwa nini alidhani ni pingamizi. Nimeona vijana wakibishana saa nzima juu ya aya moja ya mamlaka, na sina shaka kwamba hawataisahau maishani.

Nenda pia mahakamani hata kabla hujapangiwa mafunzo ya vitendo. Kaa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, asubuhi moja, usikilize mawakili wanavyojitambulisha na wanavyoomba ahirisho. Kwa mirathi na ndoa, Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke kitakufundisha kwa siku moja kwa nini ombi la usimamizi wa mirathi linahitaji viambatisho vile. Jioni fungua TanzLII, tovuti ya maamuzi ya mahakama zetu, usome maamuzi, hasa yale ambayo rufaa au maombi yalifutwa kwa kasoro. Hayo ni mafupi na yanasema waziwazi kilichokosekana.

Kuhusu madesa yenyewe, angalia yameandikwa lini. Toleo la Sheria Zilizorekebishwa la 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025, na vifungu vingi vimebadilika namba. Desa la kaka yako linaweza kuwa sahihi kwa hoja na likakupoteza kwa namba ya kifungu. Hakiki kila namba kwenye toleo jipya kabla hujaitumia.

Lugha nayo. Mitihani niliyofanya mimi ilikuwa ya Kiingereza, na najua wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili. Usilione hilo kama doa. Ukishasoma swali, jieleze kimoyomoyo kwa Kiswahili: mteja anataka nini, nani kamkosea, lini, tumwendee wapi. Halafu andika Kiingereza cha sentensi fupi. Kiingereza cha kupambapamba kinaficha chanzo cha madai, na msahihishaji hana muda wa kukitafuta.

Ndani ya chumba cha mtihani, soma kwanza sentensi ya mwisho ya swali, ile inayosema ufanye nini. Ikisema andaa, andaa, usieleze. Gawa dakika kwa alama na ulipe kila swali haki yake hata kama unalipenda jingine. Kulala na kula mnajua wenyewe.

Na kwa mwenye sapu: omba kuonana na mwalimu wa somo hilo mapema, umuulize ni sehemu gani ya majibu yako iliyokosa alama. Kisha tafuta mitihani ya zamani ya somo hilo, uiandike yote kwa muda uleule wa mtihani, na umpelekee wakili unayemfahamu azipitie nyaraka zako. Wengi wetu hatukatai tukiombwa, ila njoo na karatasi uliyoiandika wewe mwenyewe, maana hiyo ndiyo tunayoweza kuisahihisha.